Risiti ya Cherehani na Mkataba wa Barafu

Niliingia katika kazi ya sheria siku ya Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, nikiwa na umri wa miaka kumi na sita, na nimestaafu nikiwa na umri uo huo. Wazee wengine huhudumu miaka arubaini ndipo wakaandika kumbukumbu zao. Mimi nimehudumu wiki nne za likizo ya Agosti, na kwa vile sijui kama nitakumbuka kitu chochote baada ya mtihani wa hesabu, naona ni heri niandike sasa. Nyinyi wa kidato cha kwanza mnaosoma gazeti hili la ukutani huku mkisubiri kengele ya uji, tulieni. Mzee wenu anazungumza.

Kazi yenyewe sikuiomba. Ripoti yangu ya muhula wa pili ilisema nina akili, ila mdomo haupumziki. Baba, ambaye ni msimamizi wa zamu kwenye viwanja vya chumvi kule Gongoni, aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri, akasema, "Sidi, kwa kuwa mdomo wako hautaki kukaa bure, nitaupeleka kwa watu wanaokula kwa mdomo." Siku ya tatu nikajikuta Malindi kwa shangazi, napiga pasi sketi ya shule, kwa sababu sikuwa na nguo nyingine inayofanana na ofisi.

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya fundi wa redio, kwa hiyo tulifanya kazi ya sheria huku tukisikiliza taarabu nusu nusu. Wakubwa wangu walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Wakili mwenyewe, mtu wa bara, mrefu, mwenye haraka ya kudumu. Nilimwamkia, "Shikamoo," akanijibu, "Mzuri sana," akapita. Wa pili alikuwa Karani Mkuu, mzee wa mjini Malindi, kofia nyeupe, kalamu tatu mfukoni. Aliposikia lile "Mzuri sana" alifumba macho kama mtu aliyeguswa jino bovu. Mpiga taipu wa ofisi alikuwa amekwenda kujifungua, na mimi niliyejifunza taipu shuleni kwa vidole vinne ndiye niliyeziba pengo.

"Marahaba, mwanangu," alinijibu Karani Mkuu kwa niaba ya ofisi nzima. "Njoo nikuonyeshe nyumba."

Nyumba yenyewe ilikuwa kabati na kasha. Kabati la chuma lilikuwa na mikataba minene, kila mmoja umetobolewa na kufungwa utepe wa kijani kama zawadi ya harusi. Kasha lilikuwa la biskuti, la bati, na ndani yake mlijaa risiti, fomu zilizokunjwa mara nne, na kipande kimoja cha pakiti ya sigara chenye saini.

"Kule kabatini mna mikataba ya wakubwa," alisema. "Humu kashani mna mikataba ya watu."

"Kwani wakubwa si watu, mzee?"

"Kazi yako kwanza ni kupiga taipu."

Wiki ya kwanza nilipangiwa meza ya mlangoni. Nilijifunza kutia karatasi ya kaboni kati ya karatasi mbili ili barua moja itoke mara mbili, nikajifunza pia kwamba ukiitia kichwa chini, nakala hutoka nyuma ya barua yenyewe, na Wakili hupoteza lafudhi yote ya shule aliyosomea. Nilijifunza kwamba kifungu ni aya yenye namba, na kwamba watu wa sheria hawasemi "pale katikati," wanasema "kifungu cha kumi na tisa." Nilianza kuzungumza hivyo nyumbani. Shangazi akaniambia kwa mujibu wa kifungu cha kwanza nikaoshe sufuria.

Wiki ya pili nikapewa uhamisho wa Kikambala. Nilihudumu huko kwa muda wa saa tano. Hoteli moja ya ufuoni, ambayo ilikuwa mteja wetu, ilinunua mashine kubwa ya kutengeneza barafu kutoka kwa kampuni moja ya Mombasa, na mashine ile badala ya barafu ilikuwa ikitoa maji ya uvuguvugu. Karani Mkuu alitumwa kuchukua maelezo ya Meneja, nami nikabeba mkataba. Ulikuwa na kurasa arubaini. Niliupakata njia nzima kama mtoto wa mtu.

Meneja alikuwa mtu mnene, mchangamfu, anayejifuta jasho kwa kitambaa cha mezani. Alitukaribisha soda za moto na kuomba radhi.

"Mzee wangu, wageni wananiuliza barafu, nawaambia inakuja. Inakuja kutoka wapi, hata mimi sijui."

Karani Mkuu alifungua mkataba. "Hapa kifungu cha kumi na tisa kinasema uliikagua mashine mwenyewe, na hukutegemea neno lolote la mdomo la muuzaji. Ulikisoma?"

"Nilikisoma? Nilikiuza!" Meneja alicheka. "Tulikaa miezi miwili na hao jamaa. Wao na wakili wao, mimi na wakili wangu. Rasimu inakwenda, rasimu inarudi. Wao wakataka hicho cha kumi na tisa. Mimi nikasema sawa, chukueni, lakini mnipe cha ishirini na mbili, mashine ikiharibika fundi aje ndani ya siku saba kwa gharama yenu. Wakalia, wakatoa. Sasa cha kumi na tisa siwezi kukigusa, nilikula mwenyewe. Mimi nataka cha ishirini na mbili changu."

Nilishangaa. Mtu ameuziwa mashine mbovu, na hana kinyongo! Alizungumza kama mtu aliyebadilishana mbuzi kwa kuku sita na sasa anadai kuku wa sita.

Tuliporudi nikaipiga taipu barua ya hoteli. Barua zetu zote zilikuwa za Kiingereza, hapa nawatafsiria. Aya ya pili ilisema: "Mteja wetu anakiri kwamba aliikagua mashine ya barafu yeye mwenyewe kabla ya kuinunua, na hakutegemea neno lolote la mdomo la muuzaji." Kisha barua ikageuka na kumkaba yule wa Mombasa kwa kifungu cha ishirini na mbili. Niliipenda sana aya ile ya pili. Ilikuwa na heshima. Ilikuwa inatembea polepole kama bibi harusi. Kumbukeni mapenzi yangu hayo, maana ndiyo yaliyoniponza.

Jumatano ya wiki ya tatu akaingia Mama Dama.

Nilimjua kwa sura. Ni fundi wa kushona wa Gongoni, hushonea wafanyakazi wa chumvi aproni za turubai zinazozuia maji ya chumvi yasiwatafune mapaja. Aliingia na kitu kizito kichwani kimefungwa leso. Alipokitua na kukifungua, kilikuwa cherehani, jipya, linang'aa, limevunjika mkono wa sindano.

"Hili limeniua," akasema, akakaa.

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Alikuwa na cherehani la zamani la bibi yake, zito kama jiwe, halijawahi kukataa kitu. Mguu wa kukanyagia ulianza kulegea. Akaenda dukani kwa Bwana Abdalla hapo Malindi, akamwambia anatafuta la kushonea turubai. Bwana Abdalla akamwambia hili jipya litaiweza, akampa, akachukua lile la zamani kama sehemu ya bei. Hili jipya lilishona aproni mbili na nusu, likakatika. Aliporudi dukani akaonyeshwa risiti yake, yenye muhuri mwekundu wa Kiingereza: mali ikishauzwa hairudishwi, na muuzaji hatoi ahadi yoyote juu ya kazi yake.

"Lile langu amelitia kioo cha mbele," alisema Mama Dama. "Nimeliona. Amelipaka mafuta. Kuna mtu wa Mambrui amekwisha kuliposa, anakuja kulichukua Ijumaa baada ya sala. Mimi sitaki jingine, Wakili. Nataka lile. Likienda Mambrui, nitashona na nini?"

Wakili alikuwa tayari ana koti mkononi. Alikuwa na kesi Mombasa mchana ule. Akaniambia, "Wewe msichana, andika barua ya madai kwa huyo mwenye duka. Tumia ile ya Kikambala kama kiolezo."

Hapa nieleze, wajukuu zangu. Kiolezo ndiyo siri ya kazi ya sheria. Ofisi ya wakili haiandiki barua mpya hata siku moja. Huchukua barua ya zamani, ikaivua jina la mwenyewe, ikaivika jina la mwingine. Wakili alikuwa na maana nichukue kichwa na mkia, mahali pa tarehe na mahali pa "wako mtiifu." Hakuniambia hivyo kwa sababu mtu yeyote mwenye akili angejua. Nilibadilisha majina, nikaandika vizuri habari ya turubai na ya mkono kuvunjika. Halafu nikaitazama ile aya yangu bibi harusi, nikaona ni dhambi kuiacha nje. Nikaiingiza. Ilikaa pazuri kabisa.

Wakili alitia saini juu ya boneti ya gari, injini inawaka, jicho moja kwenye saa. Karani Mkuu alikuwa ameenda sala ya adhuhuri. Nami nikaipeleka mwenyewe, kwa miguu, nikijiona nusu jaji.

Bwana Abdalla alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu, miwani kwenye ncha ya pua. Aliisoma barua akifuatisha kwa kidole. Kidole kikafika aya ya pili, kikasimama. Kikarudi. Kikasoma tena. Kisha yule bwana akavua miwani, akaanza kucheka taratibu, bega moja baada ya jingine.

"Mwanangu, wewe ni nani pale?"

"Karani," nikasema. Ukubwa ulioje.

"Basi, Karani, nifikishie salamu zangu. Mwambie Wakili ahsante sana. Yeye mwenyewe ameandika kwamba mama yule alikagua mwenyewe, na hakutegemea neno langu. Sasa mimi nina deni gani tena? Hii nitaitilia fremu."

Akaikunja, akaifungia ndani ya droo, na ufunguo akautia mfukoni. Pale dirishani lile cherehani la zamani lilikuwa limesimama, jeusi, na maua ya dhahabu yaliyofutika. Nilitoka nimejaa baridi, na ilikuwa saa nane ya mchana wa Malindi.

Karani Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akaichukua nakala ya kaboni, akaisoma, akavua kofia, akaipangusa, akaivaa.

"Sidi, mwanangu. Unajua tofauti ya Meneja na Mama Dama?"

"Meneja ni mnene."

"Ngoja kwanza na mzaha wako." Alisema kwa upole, ndiyo maana uliniuma. "Meneja alikuwa na meza. Alikaa upande huu, muuzaji upande ule, kila mmoja na wakili wake, miezi miwili. Alichokubali alikubali kwa kukipima, na akalipwa kwacho. Wakubwa wawili wakipatana hivyo, korti haiwaonei huruma, huwaambia mlijua mlichokuwa mkifanya, kaeni nacho. Mama Dama alikuwa na meza?"

"Hapana."

"Nani aliyemwuliza kama anataka ule muhuri? Karatasi kaikuta imekwisha pigwa. Hawezi kufuta neno, hawezi kuongeza. Akisema hiki sikitaki, ataambiwa acha basi. Kwa mtu kama huyo korti hutazama kwa jicho jingine. Huuliza, aliuona muhuri? Aliuona lini? Ulikuwa wa kusomeka? Neno lenye utata husomwa dhidi ya aliyeliandika. Na muuzaji aliyeambiwa kazi ya kitu, akategemewa ujuzi wake, kitu hicho hakina budi kufaa kazi ile. Kesi yote ya mama yule ni neno alilolisema Bwana Abdalla kwa mdomo wake, naye akalitegemea. Nawe umeandika kwamba hakulitegemea." Akanirudishia nakala. "Umetoa kitu kabatini ukakitia kashani."

Sikulala vizuri, lakini sitawachosha na usingizi wangu.

Alhamisi asubuhi Wakili akarudi. "Hii ni nini umeandika?" akaniuliza. Nikamweleza. Akasoma nakala. Akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. "Saini ni yangu. Nilitia bila kusoma. Hilo ni langu." Kisha akaninyooshea nakala. "Lakini utaenda Gongoni wewe mwenyewe umwambie huyo mama ulifanya nini. Na umwulize vile alinunua hiyo mashine, hatua kwa hatua. Karatasi alipewa saa ngapi, mahali gani, na nani. Hilo ndilo nilipaswa kumwuliza jana."

Huo ndio uliokuwa uhamisho wangu wa pili, na ndio mgumu. Nilimkuta Mama Dama barazani kwake, anashona turubai kwa mkono, kwa sindano ya magunia, vidole vimefungwa vitambaa. Kando yake zililala aproni zilizokatwa, hazijashonwa, rundo zima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe si mtoto wa msimamizi wa zamu? Barua imefika?"

Nilimwambia yote. Nilitaka kutia mzaha mahali, kama kawaida yangu, haukuja. Yeye akaendelea kushona. Akafika mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Kwa hiyo umemwandikia kwamba mimi ni mwongo."

"Ndiyo, mama."

"Na umekuja mwenyewe kuniambia."

"Nimetumwa."

Hapo akacheka kidogo. "Angalau husemi uongo mara mbili. Kaa. Shika upande huo, uvute. Vuta, wewe, hii si kanga!"

Nikavuta turubai, naye akashona na kunisimulia. Kwamba alimwambia Bwana Abdalla wazi, ni la turubai, aproni za chumvi. Kwamba Bwana Abdalla alipiga cherehani kofi kama mtu anayesifu ng'ombe wake, akasema hilo hushona hata ngozi. Kwamba alilipa, akaacha la bibi yake, na mtu wa duka akalibeba jipya mpaka kituoni, likafungwa juu ya basi. Yeye tayari ameketi, basi linatoa moshi.

"Na karatasi?"

"Karatasi ndiyo hapo. Bwana Abdalla alikuja mbio ananipungia. Mama, umesahau risiti! Nikaipokea dirishani, nikaitia kifuani. Muhuri nimeujua siku niliporudi kulalamika."

Niliacha kuvuta turubai.

"Vuta," akasema Mama Dama.

"Mama, uliipata baada ya kulipa? Baada ya kila kitu?"

"Nimekwambia, gari linawaka."

Niliruka nikambusu mkono, akadhani nimepigwa na jua.

Ijumaa saa nne asubuhi tulikuwa dukani kwa Bwana Abdalla, Wakili, Mama Dama na mimi. Mtu wa Mambrui alikuwa amewahi, hakungoja sala. Alikuwa ameinama dirishani, anazungusha gurudumu la cherehani la bibi kwa kidole kimoja, akilisikiliza.

"Zuri hili," alisema.

"Nalijua," alisema Mama Dama.

Bwana Abdalla alisalimu kila mtu kwa adabu, akaagiza kahawa, akafungua droo yake kwa ufunguo. "Wakili, mimi sina ugomvi. Nina barua yako." Akaiweka mezani kama mchezaji wa karata.

Wakili akaisoma kwa sauti, huku akitafsiri. "Mteja wetu anakiri kwamba aliikagua mashine ya barafu yeye mwenyewe..." Akainua macho. "Bwana Abdalla, wewe huuza mashine za barafu?"

"Za nini?"

"Barafu. Imeandikwa hapa."

Nilikuwa nimebadilisha majina yote ila hilo. Nawaambia, katika maisha yangu yote ya kazi hilo ndilo kosa pekee lililoniokoa. Mtu wa Mambrui akageuka kutazama duka zima, kama anatafuta friji.

"Aya hii ni ya mtu mwingine, wa mkataba mwingine," alisema Wakili. "Iliingia hapa kwa makosa ya ofisi yangu, na hii hapa barua ya kuiondoa."

"Makosa ya nani?"

"Yangu," nikasema, nikainua mkono kama darasani.

Bwana Abdalla alinitazama juu ya miwani. "Karani," akasema. Kisha akatikisa kichwa. "Haya, barafu imeyeyuka. Lakini muhuri wangu bado upo. Muhuri ni muhuri."

"Alipewa wapi risiti?" aliuliza Wakili.

"Nilimpa mwenyewe."

"Wapi?"

Bwana Abdalla alikoroga kahawa isiyokuwa na sukari. "Kituoni."

"Amekwisha kulipa?"

"Amekwisha."

"Basi mapatano yalikwisha hapa dukani. Huwezi kumwongezea mtu sharti dirishani mwa basi."

Hapo Wakili akajiandaa kutoa hotuba, niliona anavuta pumzi. Mama Dama akamtangulia.

"Mimi sijui sharti. Nakuuliza wewe, Bwana Abdalla, mbele ya watu hawa. Nilikwambia turubai, au sikukwambia?"

Gurudumu lile likaacha kuzunguka. Angesema hapana, yangekuwa maneno ya mtu mmoja dhidi ya mtu mmoja, na cherehani lingekwenda Mambrui alasiri ile, na rundo lile la aproni lingebaki barazani. Mimi nilikuwa nazitazama kalamu za duka kwa sababu sikuweza kumtazama usoni.

"Uliniambia," alisema Bwana Abdalla.

"Ukanijibuje?"

Akavua miwani. "Nilisema hata ngozi ya ng'ombe."

"Ya ng'ombe?" akapaaza sauti mtu wa Mambrui, akicheka. "Hicho kibati?"

"Nilikuwa nauza, bwana! Wewe hujapata kuuza?" Bwana Abdalla naye akashindwa, akacheka kwa mabega yake yale yale. Akainuka, akaenda dirishani, akalitoa cherehani la bibi kwa mikono miwili, akaliweka mbele ya Mama Dama. "Mguu nimekwisha ukaza. Sikutozi kwa hilo. Samahani, mama." Na kwa mtu wa Mambrui akasema, "Wewe nitakutafutia jingine, nalo nitakwambia kweli linashona nini." Hesabu ya tofauti ya bei wakaimaliza hapo hapo, kahawa haijapoa.

Tulipokuwa tukitoka, Bwana Abdalla akauliza, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, "Sasa mtu na muhuri wake afanyeje?"

Wakili alikaza midomo. Mimi, mdomo haupumziki, nikajibu. "Uuandike ukutani, juu ya meza ya kulipia, kwa Kiswahili, herufi kubwa, mtu ausome kabla hajatoa pesa. Na juu ya turubai useme kweli."

"Msichana," Wakili akaniambia barabarani, "umempa mpinzani wetu ushauri wa kisheria, bure." Lakini alikuwa akitabasamu, na Jumatatu iliyofuata palikuwa na ubao pale dukani, herufi nyekundu, urefu wa mkono.

Wiki ya nne ilikuwa ya utulivu, kama inavyomstahili mtumishi anayekaribia kustaafu. Fundi wa Mombasa alifika Kikambala siku ya saba tangu barua yetu imfikie muuzaji, kama kifungu cha ishirini na mbili kilivyosema, si ya sita. Kwa siku zote hizo Meneja alikunywa soda za moto bila kulalamika, kwa sababu zile siku saba alizipima mwenyewe. Karani Mkuu aliniandikia barua ya kuniaga yenye sentensi moja, kwamba sikuchelewa hata siku moja. Nikamwuliza kama hakuna jingine la kusifu.

"Sikutaka kuandika kitu nisichokiona," akasema.

Kabla sijarudi shule nilikwenda Gongoni kuagana na nyumbani, na nikampelekea Mama Dama sketi hii mnayoiona, maana pindo lilikuwa limeachia. Cherehani la bibi lilikuwa barazani linanguruma, na lile rundo la aproni limekwisha. Aliishika sketi, akaigeuza ndani nje, akaiweka magotini. Hakushona.

"Kwanza niambie," alisema. "Ni ya kazi gani?"

"Ya shule, mama."

"Ya shule na nini?"

Nilimtazama. Akanitazama. Nilifikiria Bwana Abdalla na ng'ombe wake.

"Ya shule na kuruka ua wa nyuma," nikasema.

"Ahaa," akasema Mama Dama, akaenda kutafuta uzi wa turubai.